Sauti itangulie, mtu afuate

Ndugu mfanyakazi, shimo la mgodi likijaa maji ya matope, mzamiaji haoni hata mkono wake. Humo chini hujificha kamba za chuma na mabomba yenye kunasa mguu. Sonari hutafuta kwa sauti, inayokwenda majini karibu meta 1500 kwa sekunde. Kitu kilicho umbali wa meta 75 hurudisha mwangwi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sonari ya zamani husikiliza upande mmoja, kisha hugeuka kidogo. Ile ya upesi husikiliza pande nyingi kwa mara moja. Basi, mtu asizame kabla haijapita. Ukiamriwa kuzama, uliza kwanza. Pampu iliyozama yaweza kungoja. Bibi na watoto wanakungoja wewe.