Dozi ya mionzi: uliza imehakikiwaje

Ukiambiwa mwanao atapewa mionzi ya grei 60, usiichukulie namba hiyo kama kilo ya sukari. Hata mizani ya dukani ina kosa lake dogo. Kipimo cha mionzi nacho kina lake.

Wataalamu hulenga dozi inayomfikia mgonjwa isipishane na iliyopangwa kwa zaidi ya asilimia 5. Kwa grei 60, hiyo ni grei 3. Ikipungua sana, saratani inaweza kurudi. Ikizidi sana, viungo vizima vilivyo jirani huumia.

Mwaka 1996 huko San José, Costa Rica, mashine ya kobalti iliwekewa chanzo kipya cha mionzi, kisha nguvu yake ikakokotolewa vibaya. Wagonjwa 115 walipewa mionzi kupita kiasi. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni hesabu.

Leo mashine za LINAC, zilizopo pia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zinaweza kuufuata uvimbe kwa umbo lake. Kupima nukta moja tu hakutoshi kuonyesha kama umbo hilo limefuatwa. Njia mojawapo ya kuhakiki ni jeli maalumu: hupigwa mionzi kama atakavyopigwa mgonjwa, kemikali zilizomo hushikana palipofika mionzi, kisha MRI huonyesha kila sehemu imepata kiasi gani.

Lakini jeli nayo si msahafu. Oksijeni ikipenya, kemikali hazishikani vizuri. Joto la jeli likibadilika wakati wa picha, jibu hubadilika. Picha yenye chenga huongeza shaka. Hivyo tofauti ya asilimia 3 huenda imetoka kwenye jeli yenyewe, si kwenye mashine. Ndiyo maana jibu lake hulinganishwa na la kifaa kingine.

Kabla matibabu hayajaanza, uliza mambo matatu. Nani mwingine, mbali na aliyepanga dozi, ameihakiki? Mashine ilipimwa lini mara ya mwisho? Je, kituo huhakikiwa na watu wa nje? Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na WHO wamekuwa wakihakiki dozi za hospitali kwa njia ya posta tangu 1969.

Usiache tiba kwa hofu. Saratani isiyotibiwa ni hatari zaidi. Na mtaalamu akikutajia ukubwa wa shaka iliyopo katika kipimo chake, usishtuke. Maana yake ameupima.