Komeo si takataka!

Najua nimepotea, mama ameshalalamika kwenye simu. Leo nina hasira, na hasira zenyewe za kompyuta, lakini nivumilieni mtafahamu.

Kazini kwetu hapa Muscat kuna programu inayokagua programu nyengine. Inasoma tulichoandika bila ya kukiendesha, kisha inatoa maonyo. Si jambo jipya, Stephen Johnson wa Bell Labs aliandika ya kwake, lint, mwaka 1978. Onyo ninalolichukia ni la "kigeu hakitumiki". Kigeu ni jina tunalokipa kitu ili tukitumie baadae. Mkaguzi akiona jina halikutajwa tena, anapiga kelele.

Sasa fikirieni komeo la choo. Ukishalitia, unaligusa tena? Huligusi mpaka utoke. Ndio halitumiki? Lilegee uone! Katika C++ tuna vigeu vya namna hiyo hiyo: kikiumbwa kinafunga kufuli, kazi ikimalizika kinakufa na kufungua chenyewe. Hakihitaji kutajwa mara ya pili. GCC na Clang, za bure, hulifahamu hilo na hunyamaza. Hii yetu ya kununuliwa kwa pesa nyingi haifahamu.

Mwezi uliopita kijana mmoja, mtiifu kweli, akafuta mstari kama alivyoonywa. Maonyo yakapungua, mkubwa akafurahi. Alkhamisi ile sehemu mbili za programu zikaingia kwenye hesabu moja kwa pamoja, salio likatoka la ajabu. Tumetoka kazini saa tisa usiku, na Ijumaa yangu ikapotea.

Mkubwa anamlaumu kijana. Mimi nasema hapana. Ukimpima mtu kwa idadi ya maonyo aliyoyaondoa, atayaondoa! Na wale wanaosema onyo la uongo halina hasara, lipuuze tu, hawajaona watu wakizoea kupuuza kumi, la kumi na moja likawa la kweli na likapita humo humo.

Tangu 2017 C++ ina alama rasmi ya kusema kigeu hiki huenda kisitumike, kiacheni. Nimeomba turuhusiwe kuitumia, na kila mstari unaofutwa kwa sababu ya onyo usomwe na mtu wa pili. Nimejibiwa eti itaongeza kazi. Kazi! Kuliko ile ya saa tisa usiku?

Jumapili nawauliza tena. Shangazi, ubani wako wa Mutrah umechelewa kwa sababu hiyo, usininunie.