Malezi ya Nyumbani: Mtoto Aliyechelewa Kukaa

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya akika na kumpa mtoto jina jema, nami nikaahidi kueleza mwezi huu adabu za kuwatembelea wazazi. Naomba mniwie radhi niiahirishe ahadi hiyo, kwani limetokea jambo lililonizuia kuandika jingine.

Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, wanafunzi wamekwisha kutawanyika, alinijia mama kijana mlangoni pa madrasa yetu hapa Dodoma, amebeba mtoto aliyefunikwa khanga hata usoni. Nilidhani ataka asomewe dua. Akaketi, akamfunua, akasema kwa sauti ndogo: "Maalim, huyu ana miezi kumi, na hajakaa." Kisha akalia. Kilichomliza si hali ya mtoto peke yake, bali maneno ya nyumbani kwa mumewe, ya kwamba mtoto "amebemendwa."

Neno hilo twalijua sote. Maana yake ni kwamba wazazi wamekutana wakati mtoto anyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na kwa hiyo viungo vya mtoto vimelegea. Walisemao jikoni huku wakichambua mboga hawatambui wako karibu na kosa gani. Kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi jambo la zinaa pasipo mashahidi wanne ni katika madhambi makubwa, na hukumu yake imo katika Suratun-Nur. Ama hilo la wazazi kukutana wakati wa kunyonyesha, Mtume wetu (s.a.w.) alilitolea kauli. Katika Sahihi ya Imam Muslim, Bibi Judama binti Wahb asimulia kwamba Mtume alikuwa amekusudia kulikataza, kisha akazingatia kuwa Warumi na Waajemi hulifanya na watoto wao hawadhuriki, basi akaliacha. Tazameni alivyopima: aliangalia hali ya watoto wenyewe kabla ya kukataza.

Basi nasi tuwaangalie watoto wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2006 matokeo ya kuwafuatilia watoto 816 wenye siha njema katika nchi tano: Ghana, India, Norwe, Marekani na Omani. Ilionekana kwamba mtoto mmoja akaa bila kushikwa kabla ya kutimiza miezi 4, na mwingine hukawia hata miezi 9 na kidogo, na wote ni wazima. Kutembea peke yake huanza baina ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Wengine, kama wanne katika kila mia, hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, wakasimama wakaenda zao. Kwa hiyo mama asifadhaike kwa kuwa mtoto wa jirani ametangulia. Na aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, umri wake wa mambo haya huhesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa.

Lakini mipaka ipo. Mtoto wa miezi 4 ambaye shingo haijakaza, au vidole vyake vimekunjwa ngumi wakati wote. Mtoto ambaye miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Mtoto wa miezi 9 na zaidi asiyeweza kukaa: hao wapelekwe kwa tabibu, wala wasingojewe. Aghalabu sababu ni dhara lililoupata ubongo, kwa kukawia kuvuta pumzi alipozaliwa, au manjano makali ya siku za kwanza, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Siku hizi hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo. Haina uhusiano wowote na kitanda cha wazazi wake.

Nami sisemi haya kama mtu aliyesalimika na lawama. Mjukuu wangu alizaliwa Septemba mwaka 2017, na hakulia mpaka zilipopita dakika nyingi. Alipofika miezi sita kichwa chake kilikuwa kikianguka nyuma kama cha mtoto wa jana. Bibi yake aliniambia, nami nikajibu kwamba kila mtoto na siku yake. Ilipofika Idd-el-Fitr ya mwaka 2018, mwezi wa Juni, nikaamuru abaki nyumbani. Nilisema ni kwa sababu ya upepo, na kweli upepo wa Dodoma mwezi huo ni mkali. Walakini wajukuu wengine niliwachukua katika upepo ule ule. Ukweli ni kwamba niliona haya watu wasije wakamwona mjukuu wa Maalim.

Alipelekwa hospitali akiwa na miezi kumi na moja. Tulipokewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo kuliko wanangu. Nilitazamia atatoa chupa ya dawa. Yeye akatandika mkeka chini, akavua viatu, akaketi. Alituambia wazi kwamba sehemu ya ubongo iliyodhurika hairudi, bali ubongo wa mtoto mchanga ni mwepesi kujifunza njia nyingine, na viungo visivyonyoshwa hukaza na kupinda. Kisha akamwuliza bibi: "Mama, nyumbani mwambebaje?" Bibi akaonyesha: miguu imebanwa pamoja ndani ya khanga, kama mzigo wa kuni. Akatufundisha kumbeba mgongoni mapaja yakiwa yametanuliwa huku na huku, kama wafanyavyo akina mama wa Kigogo na wa Kirangi tangu zamani. Ajabu, tuliyapata hospitali mambo ya nyanya zetu!

Hapo nilifahamu kwamba mazoezi si kazi ya saa moja kwa juma mbele ya mtaalamu. Ni namna ya kumbeba, kumvisha, kumlisha na kumwogesha kila siku. Mtoto alalishwe kifudifudi akiwa macho na mtu amtazama, ainue kichwa. Usingizini alazwe chali. Aketishwe katika beseni lililojazwa vitenge vilivyoviringishwa kiunoni. Kopo lenye punje za mahindi litikiswe upande wa mkono mnyonge, ili autafute. Fundi seremala alitutengenezea kiti chenye meza mbele kwa mbao zilizobaki za mlango. Tulionywa tusimvute miguu kwa nguvu, wala tusimsimamishe kabla ya wakati. Na kile kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea hakiharakishi kitu.

Alikaa akiwa na miezi 19. Alitembea alipopita miaka mitatu, na hadi leo mguu wa kulia hukanyagia vidole. Yumo shuleni, na madrasa hunikosoa nikiruka aya.

Fursa za kuuliza mapema zipo. Mtoto huitwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18. Mama asirudi na kadi tu, aulize: "Je, shingo yake, mikono yake, mgongo wake ni sawa?" Hospitali za rufaa za mikoa zina wataalamu wa mazoezi, na CCBRT ya Dar es Salaam yajulikana kwa kutibu nyayo zilizopinda, ambazo hunyoshwa kwa plasta tangu majuma ya kwanza. Arobaini ya mzazi ni desturi njema ya kumpumzisha, lakini isimzuie kwenda kliniki mtoto akibadilika rangi kuwa manjano au akikataa kunyonya.

Baada ya arobaini, mtoto atolewe nje, na aliyechelewa atolewe zaidi, kwani huyo ndiye mwenye haja ya kuona na kusikia mengi. Mtume (s.a.w.) alisali amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini asujudupo na kumwinua asimamapo. Aliamuru hata wanawake wasiosali kwa udhuru watoke siku ya Idd, wahudhurie ile kheri. Sisi twamfungia nani, na kwa hoja gani? Mjukuu wangu nilianza kumpeleka sokoni asubuhi kabla ya vumbi, na treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, tulikwenda stesheni mara tatu bila safari yoyote.

Ama yule mama kijana, nilimwita mumewe pamoja na mama mkwe. Tukaisoma hadithi ya Bibi Judama, nikawasimulia na habari ya Idd yangu. Mama mkwe hakusema neno siku ile. Jumatatu walikwenda hospitali wote watatu, na aliyembeba mtoto mgongoni ni yeye.

Adabu za kuwatembelea wazazi tutazisoma mwezi ujao, Inshallah.