Baba na mama walipogombana, mtoto alikuwa anasikia

Mwaka 1887, mwandishi wa Sweden, August Strindberg, alitoa mchezo wa kuigiza uitwao “Baba”. Mume na mke wanavutana kuhusu elimu ya binti yao, Bertha. Baba anataka akasome mjini, mama anataka abaki nyumbani. Ili ashinde, mama anampandikizia mumewe shaka kwamba huenda mtoto si wake. Shaka hiyo inamtafuna hadi anarukwa na akili.

Nyumbani kwa mwandishi nako hakukuwa shwari. Mkewe, Siri von Essen, aliachana na mume wa kwanza mwaka 1876 akitamani kuwa mwigizaji, kazi iliyodharauliwa na watu wa tabaka lake. Alifunga ndoa na Strindberg mwishoni mwa 1877. Wakawalea watoto watatu: Karin, Greta na Hans.

Mwaka 1883 familia iliondoka Sweden. Ikawa ni kuhamahama: Ufaransa, Uswisi, Ujerumani, Denmark. Siri alipoteza jukwaa lake, fedha zilikuwa za kubahatisha, na mume alizidi kuwa na wivu. Badala ya kukaa na mkewe wakazungumza, Strindberg aliyamwaga kwenye karatasi. Baada ya “Baba” aliandika kwa Kifaransa riwaya iliyosimulia ndoa yao kwa upande wake tu, ikimtuhumu mke kukosa uaminifu.

Hata hivyo, mwaka 1889 huko Copenhagen, Siri ndiye aliyeigiza mhusika mkuu katika mchezo mwingine wa mumewe, “Bi Julie”. Miaka miwili baadaye walitalikiana. Watoto walibaki kwa mama, ambaye baadaye alihamia nao Finland. Wazazi wote wawili walifariki mwaka 1912.

Dunia ilipata michezo inayoigizwa hadi leo. Lakini binti yao Karin hakuyasahau yale ya nyumbani. Mwaka 1925 alitoa kitabu chake mwenyewe kuhusu mama yake, ili naye asikike.

Mzazi, si lazima uwe mwandishi ndipo maneno yako yadumu. Yale unayomwambia mwenzako usiku ukidhani watoto wamelala, na yale unayomsema vibaya mbele ya ndugu, mtoto anayahifadhi. Mkitofautiana, malizaneni wenyewe, mlango ukiwa umefungwa na sauti zikiwa chini. Na kamwe msimfanye mtoto kuwa silaha ya kumshinda mwenzako.