MTOTO AKITOWEKA SHULENI, CHAMA KISINYAMAZE



Tarehe 2 Aprili 2015 watu wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa wauaji alikuwa Abdirahim Abdullahi, kijana Mkenya aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu huko Mandera, naye alikuwa amekwisha kuwaarifu wakubwa kwamba mwanawe amepotea.

Twaleta habari hii kwa kuwa wengi hapa Kondele husema, "Hayo ni mambo ya mpakani, tena ya dini ya watu fulani." Sivyo. Waislamu wengi wameuawa na watu hao hao. Anayetafuta wapiganaji humtafuta kijana mwenye uchungu asiye na wa kumsikiliza, na vijana wa namna hiyo tunao. Mtoto wa sekondari hurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Juma la kwanza anasoma. La pili yuko steji akibeba mizigo. La tatu ana simu mpya, na rafiki tusiyemjua anamwahidi kazi ya mbali. Mwanasiasa amekwisha kumfundisha kwamba jiwe likirushwa lina bei. Je, akija mwingine mwenye bei kubwa zaidi?

Serikali yatuambia tupeleke habari mapema. Ni sawa. Lakini tuseme kweli: mzazi wa Kondele huogopa. Twazikumbuka risasi za polisi za Januari 2008 na za Agosti 2017. Mama hujiuliza, "Nikimtaja mwanangu, nitamwona tena?" Basi hunyamaza, na kimya chake ndicho kinachomfaa yule mwenye kuwachukua watoto.

Kwa hiyo sisi twaona hivi. Kila kikundi cha wanachama, kuanzia gereji za jua kali hadi soko la Kibuye na waendesha boda boda, kichague watu wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanachama ambaye mtoto wake ameacha shule au hajulikani aliko awaendee siku hiyo hiyo. Waende naye kwa mwalimu mkuu. Ikibidi waende naye polisi, na wasiondoke bila nambari ya OB. Mtu mmoja hutishwa kwa urahisi. Watu watatu wenye chama nyuma yao hawatishwi hivyo. Nao polisi wajue kwamba mtoto aliyetajwa na wazazi wake ametajwa ili aokolewe, wala si ili apigwe.

Tena tuanze akiba ya karo, hata shilingi kidogo kila mwezi. Mkutano wa wazazi ukiitwa, tuombe ruhusa kazini twende.

Tumepigania mishahara ili watoto wetu wasome. Tukiacha wachukuliwe mikononi mwetu, mishahara hiyo tulimpigania nani? Usipoziba ufa utajenga ukuta.