Usiovakloki kadi yako kabla hujapima joto la Changamwe

Ukiwa na kompyuta ya gemu pale Chaani, Magongo au Mikindani, bila shaka umeshaambiwa: "Hiyo kadi umeiacha imelala bure. Iovakloki uone mambo!" Programu kama MSI Afterburner ni ya bure, video za mafunzo ziko tele, na jamaa wa kwenye video anaapa ni kazi ya dakika kumi.

Kuovakloki si dhambi wala si uchawi. Ninachopinga ni mpangilio tunaofundishwa: kasi kwanza, joto baadaye. Kwa mtu anayeishi Changamwe, huko ni kuvaa kiatu kabla ya soksi.

Tuelewane kwanza. Kadi ya grafiki hufanya kazi kwa mapigo, na mapigo hayo hupimwa kwa MHz. Kiwanda huweka kiwango ambacho kadi zote za aina ile zitakihimili, kisha hubakisha nafasi kidogo. Kuovakloki ni kuitumia hiyo nafasi. Kwa kadi nyingi za kisasa utapata kama asilimia 5 hadi 10, basi. Gemu iliyokuwa ikienda fremu 60 kwa sekunde itaenda 63 au 66. Ni faida, lakini haiwezi kugeuza kadi ya bei ya chini kuwa mnyama.

Tena kuna jambo wengi hawaambiwi. Tangu 2012, Nvidia ilipotoa GTX 680, kadi zake hujiongeza kasi zenyewe zikikuta umeme unatosha na joto liko chini. Zikipata moto, hushuka zenyewe. Yaani ukiipoza kadi tu, tayari umeipa kasi bila kugusa namba yoyote.

Sasa tuje nyumbani. Yule jamaa wa video yuko Canada au Uingereza, chumba chake kina nyuzi 20. Wewe uko Changamwe mwezi wa Machi, chumba kina nyuzi 32 na dirisha ni moja. Joto la kadi hupanda karibu sawasawa na joto la chumba. Kadi inayocheza kwenye nyuzi 70 kwake, kwako itafika 82 hata kabla hujaigusa. Na kadi nyingi za Nvidia huanza kujipunguza kasi karibu na nyuzi 83. Ukiongeza MHz hapo, unaongeza nini kama si joto? Kadi itajirudisha nyuma, na fremu zitabaki palepale.

Bado hujahesabu vumbi la matrela yanayoelekea bandarini, linaloziba feni, na hewa ya chumvi inayokula chuma polepole.

Umeme nao una hesabu yake. Wengi wetu tunaanza na zile kompyuta za ofisi za "ex-UK" halafu tunachomeka kadi ndani. Dell OptiPlex 7010 ile ndogo ina pawa saplai ya wati 240 kwa kompyuta nzima. Nafasi ya kadi kwenye ubao hutoa wati 75, na GTX 1650 nyingi zinategemea hizo 75 tu. Hapo hakuna cha kuongeza. Ukilazimisha, kompyuta itajizima katikati ya mechi, halafu utalaumu stima.

Mbona nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu kwa vijana wengi hapa kadi si ya kuchezea tu. Yuko anayehariri video za harusi, yuko mwenye kibanda cha gemu anayelipwa kwa mechi. Kadi ikifa, riziki imekatika. Na nyingi zimenunuliwa mitumba, bila waranti. Ethereum ilipoachana na uchimbaji kwa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikikesha kazini ziliingia soko la mitumba duniani. Huwezi kujua yako imekesha miaka mingapi. Ya nini kuiongezea mzigo usio na faida?

Lakini pia sikubaliani na wale wanaomfokea kijana, "Wacha, utaharibu!" Kuovakloki kwa utaratibu ni somo zuri: unabadilisha kitu kimoja, unapima, unaandika, ndipo unaendelea. Kijana anayejua kufanya hivyo ameanza ufundi.

Basi fuata njia hii. Safisha vumbi. Kama kadi ni kuukuu, mwambie fundi aibadilishe ile krimu ya kupitisha joto. Fungua njia ya hewa. Kisha cheza gemu yako nusu saa, uandike joto na fremu. Ikiwa imepita nyuzi 80, usiongeze kitu. Afadhali ujifunze kupunguza voltiji kidogo huku kasi ikibaki ileile. Kadi itapoa, na pengine itakimbia zaidi ya awali.

Ikiwa iko chini ya hapo, ongeza kasi ya chipu kwa MHz 15 hadi 25, ujaribu dakika 20 kwa Unigine Heaven au gemu nzito. Ukiona madoa ya rangi, au draiva ikaanguka, rudi hatua moja. Kumbukumbu ya kadi iongeze 50 kwa 50, ukiangalia fremu, maana namba inaweza kupanda huku fremu zikishuka. Voltiji usiipandishe. Na usiiwekee programu ijiwashe na mipangilio mipya hadi wiki ipite bila tatizo. Laptopu iache kabisa: haina pa kupumulia.

Kumbuka pia kwamba mipangilio iliyokaa sawa usiku wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, inaweza kukuangusha mchana wa Februari. Pima tena msimu ukibadilika.

Na safari nyingine mtu akijigamba mtaani kwamba ameovakloki, muulize namba tatu tu: joto la chumba, joto la kadi, na fremu kabla na baada. Asipokuwa nazo, hizo ni sifa tu, na sifa haziongezi fremu.