Acheni Kutuchora Juu ya Nyeupe

Wachoraji wa penseli wa Nairobi, nyinyi mnaojaza simu zetu na nyuso za wanasiasa, wanamuziki na mashosho wenu, mnatupausha. Sisemi mnafanya makusudi. Wengi wenu mna mkono kuliko mimi. Ubaya uko chini ya mkono, kwenye hiyo karatasi nyeupe mnayoiamini kama andiko.

Hebu tazama michoro kumi ya penseli za rangi itakayopita kwenye simu yako leo. Shosho wa Turkana, mvuvi wa Lamu, mkimbiaji wa Iten. Wote wana ngozi ileile, kahawia ya chai ya maziwa, na mng'ao wa nta mashavuni. Pale palipofaa kuwa na weusi pana kijivu cha sufuria iliyosuguliwa nusu. Chini yake watu wameandika "aki nilidhani ni picha ya kamera", na mchoraji anajibu kwa mikono ya kushukuru. Wavuvi wa Lamu nimewaona juani, wee. Hawana rangi ya chai.

Sababu ni ya kawaida kabisa, haihitaji digrii (mimi sina, karo ilinishinda mwaka wa pili). Penseli ya rangi si rangi ya ukuta. Nta au mafuta yaliyobeba rangi hupitisha mwanga. Mwanga unapenya, unagonga karatasi, unarudi machoni mwako. Kwa hiyo karatasi nyeupe ni balbu iliyowashwa nyuma ya uso wa mtu. Kuizima ni lazima upake tabaka juu ya tabaka, na karatasi laini ina meno machache. Ukifika tabaka la sita au la saba, meno yamejaa nta, penseli inateleza tu. Weusi unagoma hapo. Na mteja anataka kazi Ijumaa. Basi uso unabaki palepale ulipogomea, na mtu anatundikwa ukutani akiwa na ngozi ya mtu mwingine.

Nilipokuwa bado darasani, mwalimu mmoja alituambia weusi ni kivuli, si ngozi. Alisema hivyo mbele ya wanafunzi thelathini, wote weusi, na thelathini wakaandika. Kutoka kwa somo kama hilo ndiyo tunapata vijana wanaochora uso wa Mluo kwa kuanza na pinki.

Miaka miwili iliyopita mteja alinipa picha ya marehemu mama yake, nimchore kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Mama wa watu alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa, aliyekaa mlangoni na jua la saa kumi likimpiga upande mmoja. Nilimchora hivyo. Mteja akaiangalia kitambo. "Kijana wangu, hapa umemtia giza. Mpunguze kidogo, watu wa kanisa wataiona." Nikamwonyesha picha aliyonipa mwenyewe. Akasema anajua, lakini mchoro ni mchoro. Sikumlaumu sana. Kila mchoro wa penseli aliowahi kuona ulikuwa umeshapunguza, kwa hiyo alidhani kupunguza ndiyo heshima. Hilo ndilo linaloniuma: karatasi ilianza kwa kushindwa, sasa kushindwa kwake kumekuwa ladha ya watu.

Sasa chukua karatasi nyeusi yenye mchanga. Kila kitu kinageuka. Kivuli kipo tayari, hukitengenezi, unakiacha tu. Unachotafuta ni mwanga: ule ukanda mwembamba wa bluu kwenye paji la uso unaotoka angani, machungwa chini ya taya unaorushwa na udongo mwekundu, nukta nyeupe kwenye pua. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa ukali, na mtu anayeanza na giza hulazimika kuliona hilo. Anayeanza na nyeupe hupaka kahawia kila mahali, halafu anaomba Mungu.

Mchanga nao una kazi yake. Punje zile ni meno, na ni mengi. Zinashika tabaka ambazo karatasi laini ingezitema, kwa hiyo unaweza kuweka nyeupe nzito kwanza pale penye mwanga, halafu rangi juu yake. Bila hiyo nyeupe ya chini rangi zako zitazama kwenye weusi kama jiwe. Ndiyo maana wengi hujaribu mara moja, wanaona matope, wanarudi kwa karatasi ya zamani wakisema nyeusi haifai. Tabaka la chini walilirukia.

Huko nje wanazo za dukani. UART ya Marekani huandikwa namba kama msasa wa fundi, 400, 600, 800, na ina toleo jeusi. Clairefontaine ya Ufaransa hutengeneza Pastelmat, ambayo haina mchanga hasa ila mipako ya nyuzi inayoshika vilevile, na rangi zake za giza zimo. Zote zilitengenezewa watu wa pasteli, watu wa penseli wakazidandia. Kuagiza mpaka Nairobi ni bei ya kukaa bila kula. Lakini nani alisema lazima uagize?

Neno msasa lenyewe si la duka. Ni mti, wenye majani ya kukwaruza, na mafundi wa mbao walilainisha kazi zao kwa majani hayo kabla mtu hajaleta karatasi ya kiwandani. Sisi waandishi tumelichukua pia, tunasema hadithi imepigwa msasa. Mimi naomba kinyume chake: usipige msasa, chora juu yake. Ule msasa mweusi wa maji ambao mafundi wa rangi za magari pale Kirinyaga Road wanasugulia bodi hauzidi sana bei ya chapo mbili na chai. Karatasi moja ni kama sentimita 23 kwa 28, inatosha uso na mabega.

Najua mtakavyojibu. Kwamba msasa wa hadwea haudumu. Kweli, karatasi yake ya nyuma haikutengenezwa kukaa miaka hamsini ukutani. Huo ni wa kujifunzia. Kazi ya kuuza, tengeneza mwenyewe: karatasi nzito au bodi, jeso ya akriliki, unga laini wa pumisi na rangi nyeusi ya akriliki, paka kwa brashi pana, ikauke, paka tena kwa kukatiza. Tena anayenitisha na kudumu huku akichora midomo kwa pinki za bei rahisi zinazofifia dirishani anichekeshe kwa heshima.

Kwamba unakula penseli. Unakula, ndiyo. Prismacolor, kwa ulaini wake, utaiona ikiisha mchana mmoja. Tumia ngumu zaidi kama Polychromos, usichonge ncha ya sindano, na ukubali kwamba uso wa mtu unagharimu penseli. Vumbi usilipulize kwa mdomo, inamisha bodi uligonge.

Halafu kuna wale wa "hiyo ni kiki tu ya kutafuta laiki". Dürer mnayemtaja kila mkichora mikono alichora ile mikono inayosali mwaka 1508 kwenye karatasi aliyoipaka bluu, akajenga mwanga kwa nyeupe. Kerry James Marshall ametumia zaidi ya miaka arobaini kuonyesha kuwa weusi una joto na baridi, anachanganya weusi wa aina tatu na rangi nyingine ndani yake, na mtu aliyechorwa hapotei. Kiki gani hiyo ya karne tano?

Upande wa pili nao una historia yake. Crayola waliuza krayoni ya pinki iliyoitwa "nyama ya mwili" mpaka 1962, wakaibadilisha jina ikawa pichi. Jina lilikwenda. Kwetu bado utamsikia mtoto wa darasa la tatu akiomba mwenzake "rangi ya ngozi", na anayopewa unaijua.

Nyinyi mnaoandaa mashindano na kuandika kwenye masharti "karatasi nyeupe pekee", futeni huo mstari. Hauna kazi.

Na wewe ukifika hadwea usiulize karatasi ya kuchorea, utachekwa. Sema msasa wa maji, mweusi, namba 600, na kama anayo 800 uchukue zote mbili. Namba kubwa ni punje ndogo. Pitisha kidole kabla ya kulipa, maana mingine huwa imekaa kwenye unyevu mpaka mchanga unabanduka.